Maji ya bomba: jua yanaharibikia wapi kabla ya kununua chujio

Watu wengi huanza na chujio. Wanalinunua, wanalifunga jikoni, wanatulia, kumbe kitu kilichomo kwenye maji yao chujio lile haliwezi kukizuia. Kazi hii ianzie kwingine. Jua kwanza kuna nini ndani ya maji, kisha jua kimeingilia wapi. Katika mji ambao mtambo wa maji unafanya kazi yake, maji hutoka mtamboni yakiwa salama mara nyingi zaidi kuliko yanavyofika kwenye glasi. Katikati kuna kilomita nyingi za mabomba, mivujo, mgao, tangi la juu ya paa, mabomba ya ndani na koki yenyewe. Kila kituo kina namna yake ya kuchafua maji, na kila namna ina dawa yake.

Pima sehemu tatu, usipime moja

Chukua maji mahali patatu: bomba la karibu kabisa na mita kabla maji hayajaingia kwenye tangi, mtoko wa tangi, na bomba la jikoni. Maji yakiwa mazuri mitani na mabaya jikoni, tatizo liko ndani ya nyumba na mamlaka ya maji haiwezi kulimaliza. Yakiwa mabaya tangu mitani, uliza kwa jirani anayetumia bomba lile lile la mtaa. Kama kwake ni hivyo hivyo, toa taarifa, na usianze kubomoa kuta zako kutafuta bomba bovu.

Kipimo cha kwanza ni klorini huru iliyobaki. Ni rahisi, huchukua dakika chache, na hueleza mengi: klorini ikiwa bado imo, maji yana ulinzi, ikiwa imekwisha, kuna kitu njiani kimeimaliza. Tumia vidonge vya DPD namba 1, vile vya kupimia klorini kwa rangi, pamoja na kichupa chake chenye rangi za kulinganisha.

1. Fungua bomba maji yatiririke dakika mbili, kisha suuza kichupa mara mbili kwa maji hayo hayo na ujaze hadi alama ya mililita 10.
2. Tumbukiza kidonge moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake. Usikishike kwa vidole, kwa kuwa jasho na mafuta huharibu kipimo.
3. Kiponde, funga kifuniko, tikisa hadi kiyeyuke.
4. Linganisha rangi ndani ya dakika moja, kivulini, ukiwa na kitu cheupe nyuma ya kichupa.

Pima pale pale bombani. Maji yaliyochukuliwa kwenye chupa yakapelekwa nyumba ya pili juani yatakuwa yamepoteza klorini, na utamlaumu asiyehusika. Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochotea, na kikomo chake cha juu ni miligramu 5. Rangi ya waridi ikitokea kisha ikapotea mara moja, usiandike sifuri: huenda klorini ni nyingi kiasi cha kuifuta rangi yenyewe. Changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima tena, zidisha jibu kwa 10.

Kuna miji inayotumia kloramini badala ya klorini huru. Huko kidonge namba 1 kitaonyesha kidogo sana hata kama maji yana dawa ya kutosha. Ongeza kidonge namba 3 ili upate jumla. Vipande vya karatasi vya kupimia bwawa la kuogelea havifai kwa kazi hii, maana hatua zao ni kubwa mno na huwezi kutofautisha 0.2 na sifuri.

Sasa soma majibu kwa kuyalinganisha. Mitani 0.4, mtoko wa tangi sifuri: tangi ndilo linalokula klorini, kwa tope lililokaa chini, kwa mwanga unaopenya, au kwa maji kulala humo siku nyingi. Mtoko wa tangi 0.3, jikoni sifuri: tazama bomba refu lisilotumika, hosi iliyoachwa imeunganishwa, au chujio la zamani lililosahaulika chini ya sinki.

Macho na pua

Maji meupe kama maziwa yakisimama kwenye glasi yakaanza kung'aa kutoka chini kwenda juu, hiyo ni hewa tu. Yakiwa na ukungu usioondoka, ni chembechembe, na hapo lazima ujue kiwango chake. Jicho huanza kuona utusitusi maji yanapofika takriban NTU 4 (NTU ni kipimo cha utusitusi), wakati klorini na mwanga wa UV, yaani urujuanimno, huua vijidudu vizuri chini ya NTU 1. Maji yanayoonekana safi kwa macho yanaweza basi kuwa na chembe za kutosha kuvificha vijidudu.

Rangi ya kahawia au nyekundu ni kutu ya chuma, nayo huanza kutia madoa kwenye nguo ikizidi miligramu 0.3 kwa lita. Chembe nyeusi ngumu huelekea kuwa manganizi. Nyeusi laini inayopakaa kidoleni mara nyingi ni mpira wa washa au wa hosi unaooza. Doa la kijani au samawati chini ya bomba ni shaba inayoliwa, dalili kwamba maji yana ukali wa asidi, na maji yanayokula shaba hula pia risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye baadhi ya mabomba na koki.

Harufu ya yai bovu ipimwe kwa utaratibu. Jaza glasi, ondoka nayo uende chumba kingine, nusa. Kama hainuki, harufu ilikuwa ya bomba la maji machafu la sinki. Kama inanuka kwenye maji ya moto peke yake, ni hita: bakteria waliomo pamoja na fimbo ya magnesiamu inayolinda tangi la hita hutengeneza gesi ya haidrojeni salfaidi. Harufu ya udongo au uvundo hutokana na mwani kwenye bwawa la chanzo. Kemikali yake, jiosmini, pua huinasa hata ikiwa sehemu chache mno katika trilioni, na haidhuru afya.

Harufu ya petroli, mafuta ya taa au rangi ni jambo jingine kabisa. Mafuta yaliyomwagika ardhini hupenya ukuta wa bomba la plastiki bila bomba kupasuka. Usinywe, usipikie, wala usichemshe, kwa sababu kuchemsha kutajaza mvuke huo jikoni. Toa taarifa siku hiyo hiyo.

Sampuli ya bakteria na sampuli ya risasi ni vitu viwili

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Taratibu za sampuli hizi mbili zinapingana, na anayefuata utaratibu mmoja kwa zote mbili hupata jibu la uongo.

Kwa bakteria unataka kujua hali ya maji yenyewe, wala si uchafu wa mdomo wa koki. Ondoa kile kiwavu kinachofungwa kwenye mdomo, futa koki kwa klorini au spiriti ya asilimia 70, acha maji yatiririke dakika mbili hadi tatu. Tumia chupa ya maabara iliyotakaswa. Unga au matone yaliyomo ndani ni sodiamu thaiosalfeti, inayozima klorini ili isiendelee kuua bakteria njiani, kwa hiyo usiisuuze chupa. Usiguse ndani ya kifuniko, usikiweke mezani. Jaza angalau mililita 100, acha nafasi ya hewa juu, weka kwenye kasha lenye barafu na uifikishe maabara ndani ya saa 6 ukiweza, isizidi 24. Jibu linalokubalika ni moja tu: bakteria wa E. coli wasionekane hata mmoja katika mililita 100. Wakionekana, kinyesi kimefika kwenye maji, na kuanzia saa hiyo maji ya kunywa yachemshwe bila kungoja kipimo cha pili.

Kwa risasi fanya kinyume. Usiondoe kiwavu, usifute, usitiririshe. Acha maji yalale ndani ya mabomba saa 6 au zaidi bila mtu kufungua bomba wala kuvuta choo, kisha kinga lita moja ya kwanza kabisa kwa mwendo wa kawaida wa bomba, maana ukifungua kidogo kidogo chembe za risasi hazing'oki. Endelea kukinga lita ya pili, ya tatu, hadi ya tano au zaidi, kila moja kwenye chupa yake yenye namba.

Namba hizo zina faida kubwa. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15 hubeba takriban lita 0.18 kwa kila mita, hivyo lita moja ni karibu mita tano na nusu za bomba. Risasi ikiwa juu kwenye chupa ya kwanza na kushuka kwenye zinazofuata, inatoka kwenye koki au viungio vya jirani, badilisha koki. Ikiwa ndogo mwanzoni na kupanda kwenye chupa ya nne au ya tano, inatoka kwenye bomba la mbali, pengine lile linalotoka barabarani. Ikiruka juu kwenye chupa moja tu bila mpangilio, ni chembe iliyomeguka, na kiwavu cha koki kifunguliwe kisafishwe.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani miligramu 0.01. Hicho ni kikomo cha kiutendaji tu. Kwa ubongo wa mtoto hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo nyumba yenye mtoto mchanga au mjamzito isiridhike na 9.

Kutambua bomba la risasi hakuhitaji maabara. Kwangua sehemu ndogo kwa ncha ya bisibisi. Likiwa laini, likang'aa rangi ya fedha, na sumaku ikakataa kushika, ni risasi. Sumaku ikishika, ni chuma. Rangi ya sarafu nyekundu ni shaba. Lakini bomba la shaba huweza kuwa limelehemiwa kwa risasi, na koki za shaba nyeupe au ya njano za zamani huwa na risasi ndani yake, kwa hiyo kutokuwa na bomba la risasi hakukuondolei haja ya kupima.

Risasi haitoki kwenye mto wala ziwa ila kwa nadra. Inatoka kwenye mabomba pale maji yanapobadilika. Mwaka 2014 mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, ulibadilisha chanzo chake ukaanza kutumia maji ya mto bila dawa ya kuzuia ulikaji wa mabomba. Tabaka lililokuwa limefunika kuta za ndani za mabomba likamomonyoka, na risasi ikaingia majumbani. Kwa hiyo ukisikia mamlaka yako imebadilisha chanzo au dawa, pima upya hata kama majibu ya mwaka jana yalikuwa mazuri. Na ukibadilisha bomba la risasi, libadilishe lote. Kukata nusu na kuacha nusu huitikisa ile iliyobaki, na risasi huweza kupanda kwa wiki au miezi.

Wakati ukingoja matengenezo: kila asubuhi tiririsha ujazo wa bomba lako lote kabla ya kuchota maji ya kunywa. Mita 20 za bomba la milimita 15 ni lita 3.5, ongeza nusu yake kwa usalama. Maji hayo yaingie ndooni, yatafaa kudeki. Usichote kamwe maji ya kunywa, kupikia au kutengenezea maziwa ya mtoto kwenye bomba la maji ya moto, kwani moto huyeyusha risasi kwa wingi zaidi. Kuchemsha hakuiondoi; maji yanapopungua kwa mvuke, risasi iliyobaki huzidi ukali.

Mgao, pampu na tangi

Bomba lenye presha husukuma maji nje kupitia kila ufa. Presha ikikatika, ufa ule ule hunyonya maji ya ardhini kuingia ndani, pamoja na yale ya chemba iliyovuja kando yake. Ndiyo sababu maji ya mwanzo baada ya mgao ndiyo mabaya kuliko yote. Weka valvu ya kumwagia kabla ya tangi, na maji yanaporudi mwaga hadi rangi itakate na klorini ionekane kwenye kipimo, ndipo uyaruhusu kuingia tangini.

Kwa sababu hiyo hiyo, pampu inayounganishwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ni hatari kwa mtaa mzima. Inanyonya bomba hadi presha ishuke chini ya ile ya hewa, na kila mvujo unageuka mdomo. Pampu ivute kutoka kwenye tangi la chini, nalo lijazwe kwa presha ya mtaa tu. Hosi isiachwe imezama kwenye ndoo, pipa au bwawa: presha ikianguka, maji ya ndoo yatarudi kwenye mabomba.

Tangi lenyewe liwe na kifuniko kinachobana, wavu mdogo kwenye bomba la kufurikia, na ukuta usiopitisha mwanga. Mdomo wa kuingizia uwe juu ya usawa wa kufurikia, na mtoko uwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ili tope libaki chini. Ukubwa uzidi kidogo tu matumizi ya siku moja au mbili. Tangi kubwa mno kwa nyumba yenye watu wachache hufuga bakteria, hata kama maji yaliingia safi.

Kulisafisha: funga maji, mwaga yaliyobaki, sugua kuta kwa brashi ya plastiki (ya waya huacha mikwaruzo ambamo uchafu hujificha), suuza, toa tope lote. Usiingie kwenye tangi la kina ukiwa peke yako. Tenga hita na machujio yote. Jaza maji robo ya tangi, mimina klorini, kisha ujaze kabisa. Kwa kila lita 1,000 za ujazo wote, tumia gramu 80 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji, au lita 1 ya klorini ya maji yenye asilimia 5 isiyo na manukato wala sabuni. Hiyo ni takriban miligramu 50 kwa lita. Daima unga uingie kwenye maji, usimwagie maji kwenye unga, wala usiuchanganye na asidi au dawa nyingine ya usafi, kwa sababu gesi inayotoka huua. Fungua kila bomba la ndani hadi linuke klorini, lifunge, acha vyote saa 24. Ukiwa na haraka, zidisha kipimo mara mbili uache saa 8. Mwaga mbali na mimea na mabwawa ya samaki, jaza upya, na usinywe hadi kipimo kirudi karibu na 0.5.

Dawa ifuate ugonjwa

Vijidudu: chemsha hadi maji yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Au tia klorini ya maji: matone 2 kwa lita ikiwa ni ya asilimia 5, matone 3 ikiwa ya asilimia 3.5. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni mililita 2 na mililita 3. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Maji yenye utusitusi yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha tumia kipimo mara mbili. Chupa iliyokaa zaidi ya mwaka au iliyowekwa juani imepungua nguvu.

Kuna adui ambaye klorini haimwezi: kimelea cha Cryptosporidium. Mwaka 1993 kilipita kwenye uchujaji uliolegea huko Milwaukee, Marekani, na watu wanaokadiriwa kuzidi 400,000 wakaugua ilhali maji yalikuwa na klorini. Mamlaka ikitangaza kuchemsha maji, chemsha. Usijifariji kwa harufu ya dawa.

Risasi: chujio la mkaa ulioshindiliwa lenye uthibitisho wa NSF/ANSI 53 (kiwango cha Marekani cha kupimia machujio) unaotaja risasi kwa jina, au chujio la RO, lile linalosukuma maji kupita kwenye utando, lenye NSF/ANSI 58. Uthibitisho wa NSF/ANSI 42 unahusu ladha na harufu ya klorini. Ukiona huo tu, usitegemee kwa risasi. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, naitreti ikizidi 50, aseniki ikizidi 0.01: RO. Mkaa wa kawaida hauzigusi, na kuchemsha huzikoleza. Naitreti nyingi ni hatari hasa kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayetengenezewa maziwa ya unga, kwa sababu huzuia damu yake kubeba oksijeni. Viuatilifu, ladha mbaya na kemikali zinazozalishwa na klorini majini kama klorofomu: mkaa. Taa ya UV huua vijidudu vizuri kwenye maji maangavu, lakini haiachi ulinzi wowote baada yake, kwa hiyo ifungwe mwisho kabisa, karibu na koki.

Jihadhari na mchuuzi anayetumbukiza waya mbili za umeme kwenye glasi ya maji ya bomba hadi yageuke tope la kahawia, huku glasi ya maji ya RO ikibaki safi. Tope lile ni chuma cha waya zake mwenyewe. Maji ya bomba yana chumvi za kawaida zinazopitisha umeme, ndiyo maana waya huliwa. Maji ya RO huupitisha kidogo mno. Kifaa cha TDS nacho hupima chumvi zote kwa jumla. Kinafaa kujua kama utando wa RO umechakaa, ila hakioni bakteria hata mmoja, na risasi ya kudhuru haiwezi kuisogeza namba yake.

Chujio likishafungwa, tiririsha kiasi kilichoandikwa kwenye maelezo yake, kisha pima tena kile kilichokufanya ulinunue. Libadilishwe kwa idadi ya lita iliyothibitishwa, au miezi, kipi kitangulie, kwani risasi haina dalili ya kukuonya mkaa ukijaa. Baada ya mkaa maji hayana klorini tena. Yanywe siku hiyo au yahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na koki, asitumbukize mtu kikombe. Na kila mwezi pima klorini upande wa pili wa mkaa: siku itakapoanza kuonekana, mkaa umechoka, ubadilishe hata kama lita zilizoandikwa hazijafika.